Dakika Saba za Tykeria

Dayton, Ohio
9 Juni 2020

Mwanangu Renita,

Pokea salamu za shangazi yako aliyefungwa bila kesi. Nilikuja huku Machi kwa wiki mbili tu, nimbebe mjukuu mchanga nirudi zangu Macon, na sasa ni mwezi wa tatu niko na magauni manne na viatu vya kanisani ambavyo havina kanisa la kwendea. Mwanangu Lamont ananilinda kama yai. Akitoka kazini anavua nguo gereji, anaoga, kisha ananipungia mkono kutoka mlangoni. Mkewe, Yvette, ananiwekea sahani nje ya chumba na kugonga sakafu kwa mguu ili nisikie mtikisiko, maana kugonga mlango ni kazi bure kwangu.

Ndiyo, masikio yamekwisha. Usinipigie simu, mwanangu. Najua unapiga kwa mapenzi, lakini ninachosikia ni nyuki ndani ya chupa. Mtu nikimwona mdomo namwelewa vizuri tu, tena siku hizi naelewa kuliko watu wanavyotaka nielewe. Simu haina mdomo. Basi niandikie. Mwandiko wako nilikufundisha mwenyewe, utumie.

Baba yako hajambo? Mwambie dada yake anamkumbuka, na aache kubeba ndoo za maji bustanini, ana miaka sabini na miwili.

Habari za Dada Pinkie Lassiter zimenifikia. Watu kumi kaburini! Nusu ya Macon ilijifunza kusoma kwenye mapaja ya mwanamke yule, akazikwa na watu kumi waliosimama mbalimbali kama wanaogopana. Hata wimbo wa madada hakuimbiwa. Niliapishwa naye chuoni mwaka 1959, tukawa madada wa chama kimoja kwa maisha yote, na kati ya wale walimu saba tulioanzisha mfuko wa ufadhili sasa nimebaki mimi.

Hilo ndilo lililonitoa kitandani leo. Karamu ya kofia haikufanyika mwaka huu, na karamu ile ndiyo inayoulisha mfuko. Wewe ndiye mwenyekiti sasa. Msichana wa mwaka huu ni nani, na ataingiaje chuo? Nijibu kwa ukweli.

Shangazi yako,
Ozella Tarpley


Macon, Georgia
2 Julai 2020

Mpendwa Shangazi,

Barua yako imechukua siku kumi na tatu njiani, lakini imefika, na nimeisoma kwenye kibaraza nikiwa na chai ya barafu kama vile umeketi hapo pembeni. Sisi wazima. Baba anakusalimu, ndoo bado anabeba, tena mbili. Nyumba yako naipitia kila Jumamosi, nafungua madirisha, nafungulia mabomba. Jirani yako Hosea amekukatia majani na amekataa hela. Kanisani tunakaa ndani ya magari kwenye uwanja na mchungaji anahubiri redioni; tukitaka kusema "Amina" tunapiga honi. Ungechukia.

Kuhusu mfuko, usihofu. Tumepata njia. Tutafanya karamu ya kofia mtandaoni, Jumamosi tarehe 15 Agosti. Kila dada nyumbani kwake, kofia kichwani, mbele ya kompyuta. Atakayenunua tiketi ataletewa kisanduku mlangoni: keki ya siagi, karanga za sukari, kichupa cha divai. Kutakuwa na mpiga muziki, shindano la kofia, na mshereheshaji ni Dada Maurine Whitlow. Namjua Maurine na najua unavyomjua, lakini ana mdomo wa kuchangamsha watu, na watu wamenyong'onyea, Shangazi. Wanataka kucheka.

Msichana ni Tykeria Render, miaka kumi na minane. Anataka kusomea kuhudumia wagonjwa wa mapafu, zile mashine za kupumulia. Ana alama nzuri kuliko wote waliowahi kuomba tangu nishike kiti. Anaishi na bibi yake. Tumempa dakika saba za kujitambulisha.

Nimemtumia Yvette maelekezo. Maneno yatakuwa yanajiandika yenyewe chini ya kioo, kwa hiyo hutapitwa na kitu. Vaa kofia ya kijani kama ile yako iliyo huku, Lamont akuletee hata kama ni kwa kuiazima kwa mtu.

Wako,
Renita


Dayton, Ohio
17 Agosti 2020

Renita,

Tuko salama. Mtoto ameota jino.

Karamu yenu nimeiona. Sikuwa na kofia, nilijifunga kilemba cha Yvette. Nilikaa na tableti mezani saa mbili nzima, na tangu juzi chakula hakipiti. Yvette anadhani nimeambukizwa, amenipima joto mara tatu. Sina homa, nina kinyaa.

Kofia zilikuwa nzuri, sikatai. Nyuso zimepangwa vyumba vyumba kama sega la nyuki, kila mmoja na shada lake kichwani, nikafurahi kuwaona. Shindano sawa, muziki siusikii, na Maurine ni Maurine. Kisha akaletwa yule binti. Gauni la njano, amekaa jikoni kwa bibi yake. Pembeni ya kioo mkaweka picha ya kipimajoto, chekundu, kinachopanda kila mtu anapotoa hela. Nikajiuliza, kipimajoto cha nini tena? Nani anapimwa homa hapa?

Nikasoma maneno chini. Mama yake alikuwa mkata nyama kwenye kiwanda cha kuku. Aliugua Aprili, akawekewa mpira wa kupumulia kooni, akafa siku ya tisa. Wewe hukuniandikia hayo. Uliniandikia "anaishi na bibi yake."

Maurine akasema, "Tuonyeshe vile vitu vya mama, mpenzi." Yule mtoto akainama, akatoa aproni ya plastiki na buti nyeupe za mpira. Maurine akasema, "Inua juu kidogo, hatuoni." Akainua. Kipimajoto kikapanda. Maurine akasema, "Usione haya, endelea, sisi ni mama zako." Binti akasema mama yake kabla ya kufa alimwambia, "Soma, mwanangu, usije ukashika kisu hiki." Akalia. Kikapanda kwa kuruka.

Sasa sikiliza nikuambie wenzangu wanaosikia wasichokiona. Watu walikuwa wamezima sauti zao, wakadhani wamezima na midomo. Mimi midomo naisoma. Mmoja mwenye kofia ya manyoya alimgeukia mumewe akasema, "Wa mwaka jana hakulia hata tone, huyu kazi anaijua." Mwingine akasema, "Maskini, meno yangewekewa waya mapema." Na wa chini kushoto, Renita, sijui jina lake na sitaki kulijua, alikuwa anakula bawa la kuku. Mtoto anasimulia mama yake alivyokufa kwenye kiwanda cha kuku, naye anatafuna bawa, analamba kidole, anafuta chozi kwa kile kile kidole.

Mlipomaliza mkapiga muziki. Madada wakasimama, wakacheza ngoma ya mstari, kila mmoja kwake. Binti alibaki kwenye chumba chake na buti mkononi, hajui atazame wapi. Maurine akamwambia, "Cheza, mpenzi, umepata!" Akacheza. Buti zikiwa mkononi.

Nilikutafuta wewe. Nikasema, Renita atazuia. Nikakupata safu ya pili, na kofia yako ya bluu. Ulikuwa hulii wala huli. Midomo yako ilikuwa inacheza. Maneno ya yule binti ulikuwa unayasema wewe, moja moja, kabla yake kidogo, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kukariri.

Mwanamke aliyewekewa mpira kooni hasemi, "Soma, mwanangu." Hasemi kitu. Maneno yale kayatunga nani?

Ozella


Macon, Georgia
21 Septemba 2020

Mpendwa Shangazi,

Nisamehe kuchelewa. Mvua za kimbunga zilitufikia wiki iliyopita zikaangusha tawi kwenye paa lako, lakini Hosea na Baba wameliondoa na bati halikutoboka. Baba amevuna nyanya hadi tumezichoka, nimeweka chupa ishirini na mbili, sita zako. Mbwa wa Hosea amezaa. Mapichi yalikuwa machache mwaka huu lakini matamu sana, nilikukumbuka.

Nimefurahi kwamba uliweza kuifuatilia karamu. Watu wengi wamenishukuru. Mfuko haujapata kiasi kama kile tangu uanzishwe, na badala ya msichana mmoja sasa tunawapeleka watatu. Watatu, Shangazi, katika mwaka ambao watu wanapoteza kazi kila siku. Nilidhani utafurahi.

Tykeria ameanza masomo. Anasomea nyumbani kwa kompyuta tuliyomnunulia.

Kwa kuwa Agosti ilikwenda vizuri, kamati imeamua kufanya nyingine tarehe 12 Desemba. Safari hii ni karamu ya nguo za kulalia na kakao ya moto, ya familia. Tykeria amepewa tena dakika zake saba, watu wamemwomba wenyewe.

Yvette aniambie kama mtoto anahitaji sweta.

Wako,
Renita


Dayton, Ohio
28 Septemba 2020

Renita,

Sikukuuliza mapichi.

Mwaka 1974 tulikaa saba sebuleni kwa Pinkie tukaandika kanuni za mfuko. Ya nne niliiandika kwa mkono wangu: msichana atapokea cheti, atakula na sisi, ataondoka, hatasimamishwa kuueleza umaskini wake. Tuliiandika kwa sababu sote saba tulikuwa tumesimamishwa hivyo na wafadhili walipotusaidia, na tulijua ladha yake mdomoni.

Nakuuliza mara ya pili. Maneno yale kayatunga nani?

O. T.


Macon, Georgia
25 Oktoba 2020

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima, na salamu zote unazostahili, uhesabu nimezitoa.

Nimeyatunga mimi. Tykeria alikuja kibarazani kwangu Julai, tukakaa mbalimbali na barakoa zetu, nikamwambia anieleze. Alieleza kama anayesoma orodha ya sokoni. Mama aliugua Jumatatu. Mama alilazwa Alhamisi. Mama alikufa. Nikamwambia, "Mwanangu, ukisema hivyo hawatakusikia." Akaniuliza, "Sasa wanataka nisemeje?" Nikamwandikia. Nikamfanyisha mazoezi mara nne. Buti nilimwambia mimi azilete, Maurine alikuwa anafuata karatasi yangu.

Unauliza nimejifunza wapi kazi hiyo. Au huulizi?

Basi nikukumbushe karamu ya kofia ya mwaka 1992, ukumbi wa chini wa kanisa. Kile kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa, madada walikuwa hawana kitu, na mfuko ulikuwa unakufa. Mwenyekiti alikuwa wewe. Msichana wa mwaka ule alikuwa mimi. Baba alikuwa jela mwaka wa pili. Ulikuja nyumbani ukamwomba Mama barua aliyoniandikia Baba, ukasema unataka tu kuisoma. Ulirudi nayo siku tatu baadaye. Uliipigia mistari kwa kalamu nyekundu, Shangazi. Mstari mmoja pa kupumua, miwili pa kuinua macho. Ukanisimamisha chumbani kwako mbele ya kioo cha kabati nikaisoma mpaka ukaridhika.

Ile sehemu anayosema anaosha masufuria jikoni mwa jela kwa sababu mle kuna mvuke na mtu akilia haonekani, uliipigia mistari mitatu.

Nikaisoma mbele ya kofia mia mbili. Walilia, nikalia, wakasimama wakapiga makofi. Ulikuwa pembeni ya jukwaa, na midomo yako ilikuwa inacheza.

Kuna methali ya nyani ambayo adabu inanizuia kukuandikia.

Na nikueleze jambo jingine, ili usidhani najitetea tu. Nilisoma kwa hela ile. Nimekuwa mtu kwa hela ile. Maneno yangu hayakumuua mama yake Tykeria. Aliuawa na watu waliowapanga bega kwa bega kwenye mkanda wa kuku bila barakoa. Maneno yangu yamempeleka mtoto wake chuo, na wenzake wawili. Kama una njia nyingine ya kufungua mikoba ya madada, nionyeshe. Kanuni ya nne tumekuwa nayo miaka arobaini na sita. Hiyo haijamsomesha mtu.

Baba hajui. Hajawahi kujua kwamba barua yake ilisomwa. Sijamwambia kwa miaka ishirini na minane, na kila akikusifia mezani mimi nainuka naenda kumwaga taka.

Renita


Dayton, Ohio
30 Novemba 2020

Mwanangu Renita,

Lamont aliugua. Ndiyo sababu ya kimya, au ndiyo sababu ya kwanza. Siku kumi na moja alikuwa chumba cha chini, tunamteremshia supu kwa kamba. Amepona, harufu bado hasikii. Mimi na mtoto hatukupatwa. Mungu ana watu wake wa kuwaepusha, hata wasiostahili.

Sababu ya pili ni kwamba niliandika barua nne nikazichana. Ya kwanza nilisema sikumbuki. Nakumbuka. Ya pili nilisema kiwanda kilikuwa kimefungwa, ungekosa chuo, ningefanyaje. Ni kweli, lakini haikuwa hiyo tu. Ya tatu nilisema nilikuwa nakupenda. Hiyo niliichana vipande vidogo zaidi.

Hii ndiyo ya tano. Ulipofika kwenye mistari mitatu ukalia, mimi nilifurahi. Moyoni nilisema, vizuri, hapo hapo. Mtoto wa kaka yangu analilia aibu ya baba yake mbele ya watu, nami natazama kama mikoba inafunguka. Ilifunguka. Nikaenda nyumbani nikala, nikalala fofofo. Ndiyo maana Agosti nilipoona mdomo wako unacheza nilipatwa na kichefuchefu kile. Nilidhani ni wewe unayenitapisha.

Nilikuuliza mara mbili nani kayatunga, nami nilijua jibu tangu mara ya kwanza. Nilitaka tu uwe wewe peke yako.

Sina njia nyingine ya kufungua mikoba. Nimefikiri mwezi mzima sijaipata. Lakini zile dakika saba za Tykeria naziomba mimi. Mwambie binti abaki kitandani kwake siku hiyo. Mwambie Maurine kwamba mwanzilishi aliyebaki anataka kuwasalimu madada. Hatakataa, atadhani nitakufa kabla ya karamu nyingine na picha itapendeza. Kitakachosemwa nakijua mimi.

Kwa baba yako fanya utakavyoona. Mimi sina haki ya kukuomba unyamaze, wala ya kukuomba useme.

Shangazi yako,
Ozella


Macon, Georgia
7 Februari 2021

Mpendwa Shangazi,

Nimechelewa tena, lakini safari hii sikuwa nakwepa. Nilikuwa nangoja mambo yaishe ili nikuandikie yote kwa pamoja.

Lamont anaendeleaje? Hapa kumekuwa na baridi ya ajabu, bomba la jikoni kwako lilipasuka na limeshazibwa. Sindano ya chanjo Baba ameipata, mkono ulimuuma siku mbili akalalamika wiki mbili.

Uliniandikia baada ya karamu ya Desemba kwamba ulipofika katikati ya hotuba yako hukuweza tena kusoma midomo kwa sababu ya machozi. Basi nikuambie yaliyotokea upande wetu. Maurine alikuwa amevaa pembe za kulungu za Krismasi kichwani, zinawaka taa. Dakika ya kwanza alikuwa anatabasamu. Ulipoanza kukiri habari za 1992 na kutaja kalamu nyekundu alianza kuniandikia ujumbe. "Anasema nini huyu?" Kisha, "Mzime." Kisha, "Renita, MZIME HUYO BIBI." Kitufe kilikuwa chini ya kidole changu. Sikukibonyeza. Wakaanza kuondoka, kioo kimoja kimoja kinakuwa cheusi, wanawake na kanzu zao za kulalia na vikombe vya kakao. Tulianza mia moja na arobaini. Ulipomaliza tulibaki ishirini na mmoja, na hakuna aliyepiga makofi.

Halafu Dada Vernell Odom, yule mtunza maktaba mpole, aliwasha sauti. Akasema, "Mimi ilikuwa 1983. Niliambiwa nije na mdogo wangu aliyepooza, nimsukume mpaka mbele." Akazima. Mwingine akawasha. "1988. Nyumba yetu ilikuwa imeungua. Niliambiwa nisichane nywele." Watano walisema, Shangazi. Wawili ni wa miaka kabla yako, wakati mwenyekiti alikuwa Dada Pinkie. Sijui kama ulilijua hilo. Siulizi.

Kipimajoto hakikupanda hata unywele. Januari kamati ilikaa, nikaondolewa kiti kwa kura zote kasoro ya Vernell. Mwenyekiti ni Maurine. Karamu ya Mei itakuwa mtandaoni tena, na msichana ameshatafutwa. Nasikia baba yake ni kipofu. Nimeandika barua ya kuipinga; Vernell ametia saini, na wenzake wanne. Maurine amejibu kwa kututumia kisanduku cha keki.

Nilikwenda kwa Tykeria kumwomba radhi. Hakunifungulia mlango wa wavu, alisimama nyuma yake na barakoa. Nilisema niliyokwenda kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bi Renita, mama hakusema yale maneno. Hakusema kitu. Nilikuwa nimeushika mguu wake kupitia plastiki waliyomfunika nayo, na nilikuwa nasikia mashine tu. Sasa nikijaribu kuisikia ile mashine nasikia maneno yako. 'Soma, mwanangu.' Kwa sauti yako, hata si yake."

Nikamwuliza naweza kufanya nini. Akasema, "Hakuna. Hela ya shule naendelea kuchukua, nimeifanyia kazi. Mama alisimama kwenye ule mkanda miaka kumi na moja hakuwahi kulipwa vile kwa dakika saba." Bibi yake alimwita kutoka ndani, "Nani huyo?" Akajibu, "Mtu wa ufadhili." Akafunga mlango wa mbao.

Nilikaa ndani ya gari mbele ya nyumba ile mpaka kioo kikajaa ukungu. Nimeshindwa kukuandikia nilivyojisikia. Unajua, ulishaandika wewe: nilidhani ni mwingine anayenitapisha.

Toka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa jikoni anaosha sufuria. Nikamwambia yote, barua, mistari, ukumbi. Hakugeuka. Alisugua sufuria ile ile mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu.

"Walipiga makofi?"

"Walisimama, Baba."

Akaikung'uta ile sufuria, akaifuta ndani na nje, akaiweka kabatini. Akaketi. Na mimi nikaketi naye. Nilipoinuka kuondoka ndipo akasema nikuandikie, na naandika kama alivyosema, bila kuongeza wala kupigia mstari:

"Mwambie Ozella nyumba ni yake, arudi wakati wowote, nitakwenda kumpokea. Ila akifika asiniulize habari zangu."

Wako,
Renita